Sura ya 5: Gia ya Kuondokea

Kaa pembeni pale taa za Fire, Dar es Salaam, asubuhi ya siku ya kazi, uwatazame waendesha baiskeli wanaotoka bondeni Jangwani kuelekea Kariakoo. Taa nyekundu inawaka. Bodaboda zinapenya hadi mbele kabisa, bajaji zinajipanga nyuma yake, na katikati yao kuna kijana mwenye baiskeli ya mtumba ya gia 21, mguu mmoja chini. Ikiwaka ya kijani, bodaboda zimeshavuka. Yeye bado yupo palepale. Amesimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, usukani unakwenda kushoto, unarudi kulia, na baiskeli imesogea hatua mbili. Nyuma yake honi zimeanza.

Wapita njia watasema hana nguvu, au baiskeli yake imechoka. Mimi ningewaomba waangalie cheni. Mbele imekaa kwenye gia kubwa kuliko zote, na nyuma imekaa kwenye ndogo kuliko zote. Ni gia ileile aliyoteremkia nayo bonde la Msimbazi akitokea Magomeni, akapandia nayo upande wa pili kwa kasi iliyobaki, mpaka taa ikamkamata. Kwa mteremko ilikuwa gia safi kabisa. Kwa kuondokea, hata mwanariadha angehangaika nayo.

Dereva wa gari akikutwa na taa anakanyaga klachi, anarudisha namba moja, anasubiri. Gari limesimama na gia imebadilika. Baiskeli nyingi tulizo nazo haziruhusu hilo. Gia zake hubadilika kwa cheni kusukumwa pembeni na kile kifaa cha nyuma chenye vigurudumu viwili vidogo, na cheni hupanda meno ya gia ya jirani pale tu inapotembea. Ikiwa imetulia, ukibonyeza kibadilisha gia unavuta waya bure. Cheni itabaki ilipo, na utakapoanza kukanyaga ndipo itaruka kwa kishindo, wakati huohuo unapoivuta kwa nguvu zako zote. Hapo ndipo hutoka kwenye meno, na mara nyingine hukatika. Kwa hiyo mwenye gia 21, akishasimama, ana gia moja tu: ile aliyosimama nayo. Gia ya kuondokea huchaguliwa kabla ya kusimama.

Haya, ni ipi? Tuanze na mpangilio wake, maana wengi huchanganya. Kwa gia za mbele, zile zilizoshikamana na mikono ya pedeli, kubwa ndiyo nzito. Za nyuma ni kinyume: kubwa, ile iliyo karibu kabisa na spoku, ndiyo nyepesi, na ndogo iliyo upande wa nje ndiyo nzito. Sababu ni hesabu ya meno. Gia ya mbele yenye meno 42 ikivuta ya nyuma yenye meno 14, pedeli zikizunguka mara 1 gurudumu limezunguka mara 3. Mbele 24 na nyuma 28, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja.

Baiskeli nyingi za mtumba za mtindo wa mlimani zina magurudumu ya inchi 26, meno 42, 34 na 24 mbele, na kuanzia 14 hadi 28 nyuma. Gurudumu la namna hiyo likizunguka mara moja linasogea kama mita 2 na sentimita 5. Piga hesabu utaona kwamba gia nzito kuliko zote inakusogeza mita 6 na ushee kwa kila mzunguko wa pedeli. Nyepesi kuliko zote inakusogeza mita 1.8. Ile ya katikati mbele, yenye meno 34, ikiwa pamoja na ya pili nyuma yenye meno 24, inakusogeza mita 2.9.

Umbali huo haupatikani bure. Mkono wa pedeli wa kawaida una urefu wa sentimita 17, kwa hiyo mguu ukizungusha pedeli mara moja umesafiri mita 1.07. Kinachozidi hapo unakilipia kwa nguvu. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 30 pedeli ikiwa imelala mbele, gia nzito inafikisha kwenye tairi la nyuma msukumo wa kilo 5 tu. Ile ya kati inafikisha 11, na nyepesi inafikisha 18. Sasa chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 15, jumla kilo 100, umweke kwenye barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100. Kwa macho ni kilima cha kawaida ambacho dereva wa gari hata hakioni. Kilo 5 zinahitajika kuizuia baiskeli isirudi nyuma, kabla haijasogea hata upana wa kidole. Kwa gia nzito, zile kilo 30 za mguu zimeishia hapohapo. Ndiyo maana yule kijana alisimama juu ya pedeli: alikuwa anatafuta kilo nyingine.

Mpaka hapa jibu linaonekana jepesi: weka gia nyepesi kuliko zote, basi. Mafundi wengi watakwambia hivyo. Kwenye kilima wana haki. Kwenye tambarare sikubaliani nao, na sababu yangu iko katika nusu mzunguko wa kwanza.

Unapoondoka, mguu mmoja uko kwenye pedeli na mwingine uko ardhini. Pedeli ya kwanza ikishuka kutoka juu hadi chini, mguu wa pili lazima uwe umeinuka, umeikuta pedeli yake, na uko tayari kukandamiza. Usipofika kwa wakati, mwendo unakufa na mguu unarudi chini. Na hapa kuna jambo linalowashangaza hata waendeshaji wa siku nyingi: kwenye tambarare, ukikandamiza nusu mzunguko huo kwa nguvu ileile, unatoka na kasi ileile kwa gia yoyote. Kazi iliyofanywa na mguu haijabadilika, wala uzito wa baiskeli haujabadilika. Kwa kilo zetu 30 za mguu na 100 za jumla, ni kilomita kama 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Tofauti iko kwenye muda. Gia nzito itakupa kasi hiyo baada ya kukuburuta mita 3, na itatumia muda mara tatu na zaidi ya ule wa gia nyepesi. Muda wote huo uko chini ya mwendo wa mtembea kwa miguu, ambapo baiskeli haijisimamii, na njia pekee ya kuiweka wima ni kukata usukani huku na huku. Kule kuyumba pale taa za Fire chanzo chake ni hicho.

Gia nyepesi kuliko zote ina ubaya wa upande wa pili. Nusu mzunguko unaisha ukiwa umesogea sentimita 90, kufumba na kufumbua, na mguu wa pili uko hewani unatafuta pedeli. Ukishaipata, mizunguko miwili mitatu na miguu inakimbia huku baiskeli haiendi. Kwa mizunguko 80 ya pedeli kwa dakika, ambayo kwa watu wengi ni kasi ya kutosha ya miguu, gia hiyo haikufikishi hata kilomita 9 kwa saa. Itabidi ubadili gia ukiwa katikati ya makutano, bajaji ikiwa begani. Gia ya mita 2.9 inakusogeza karibu mita moja na nusu katika nusu mzunguko wa kwanza, mguu wa pili unapata nafasi yake, na kwa mizunguko hiyohiyo 80 unafika karibu kilomita 14 kwa saa. Umevuka makutano na hujagusa kibadilisha gia.

Kwa hiyo kwenye tambarare ya mjini, mwenye gia tatu mbele na saba nyuma aondoke na ya kati mbele, na nyuma ya pili au ya tatu ukihesabu kutoka ile kubwa. Mwenye baiskeli ya mpangilio mwingine asibabaishwe na namba zilizoandikwa kwenye usukani. Apime. Weka pedeli ya kulia juu kabisa, chora mstari wa chaki chini ya tairi la mbele, kisha zungusha pedeli kwa mkono, baiskeli ikisogea, mpaka ile ya kulia ifike chini kabisa, uchore mstari wa pili. Kati ya mita 1.2 na 1.7, mtu mzima asiye na mzigo yuko mahali pake. Akipakia gunia kwenye keria, ashuke gia moja au mbili kutoka hapo.

Kujua gia ni jambo moja, kuifikia kwa wakati ni jingine. Mazoea mazuri huanza mita 20 hivi kabla ya taa, mara tu unapoona magari ya mbele yanawasha taa za breki. Acha kukandamiza lakini endelea kunyonga kwa wepesi, miguu ikisindikiza cheni tu. Badili gia ya nyuma moja baada ya nyingine, usikilize kila moja ikikaa, ndipo ushike breki. Wanaobadili gia tatu kwa mkupuo mmoja wakiwa wameshabana breki ndio wanaobaki na cheni iliyoning'inia kati ya gia mbili, na itamalizia safari yake taa itakapowaka kijani, kwa mlio ambao kila mtu barabarani atageuka kuutafuta. Ya mbele ibadilishwe mapema zaidi, au isiguswe kabisa. Hatua ya kutoka meno 42 hadi 34 ni kubwa, cheni huipenda ikiwa na mwendo, na kwa mjini sioni sababu ya kuitoa mbele kwenye gia ya kati.

Kisha mguu. Pedeli ya kuanzia iwe mbele na juu kidogo ya usawa, ikifuata mwelekeo wa lile bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye mhimili wa pedeli. Ikiwa juu kabisa, uzito wako unakandamiza mhimili na hakuna kinachozunguka. Ikiwa chini, huna pa kukanyaga. Kwenye baiskeli yenye friwili unaiweka sawa ukiwa umesimama: ingiza ncha ya kiatu chini ya pedeli, iinue kwa kuirudisha nyuma hadi ifike pale. Yenye breki ya kunyonga kinyumenyume haikubali, kwa hiyo pedeli iwekwe mahali pake wakati wa kusimama.

Wengi pia hukaa kwenye siti wakisubiri taa, vidole vya miguu vikigusa lami, na ili wafike chini wanashusha siti kuliko inavyostahili miguu yao. Baada ya hapo kila mzunguko wa siku nzima unafanywa kwa goti lililokunjwa. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na ambaye maandishi yake yamewafundisha mafundi wa baiskeli sehemu nyingi za dunia, alishikilia kwamba hatua ya kwanza juu ya pedeli ina kazi mbili kwa pamoja: inaianzisha baiskeli na inamwinua mwendeshaji hadi kwenye siti. Unashuka kwenye siti unaposimama, unasimama fremu ikiwa katikati ya miguu yote miwili, na unaondoka kwa kupanda juu ya pedeli iliyoinuliwa. Uzito wa mwili mzima unashuka kwenye pedeli hiyo. Ukiifanya mara chache hutarudi kwenye ile ya zamani.

Kuna watu ambao maneno yote haya ya kuchagua hayawahusu, nao ndio walimu wazuri kuliko wote. Mtazame muuza madafu. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, Phoenix au Avon, gurudumu la inchi 28, gia moja. Ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unaisogeza karibu mita 5 na nusu. Ni gia inayokaribia ile iliyomshinda kijana wetu, na huyu nyuma ana tenga lililojaa madafu. Lakini hajawahi kumfungia mtu njia kwenye taa. Haanzi na pedeli. Anaweka mguu wa kushoto kwenye pedeli ya kushoto ikiwa chini, na kwa mguu wa kulia anaisukuma ardhi, mara mbili, mara tatu, mwili wote ukiwa upande mmoja na baiskeli ikiwa imeegemea kidogo upande wa pili kusawazisha. Ikishapata mwendo anapitisha mguu wa kulia mbele ya siti, juu ya bomba, kwa sababu nyuma tenga limeziba njia. Anapokandamiza pedeli kwa mara ya kwanza, baiskeli imeshavuka ule mwendo wa mtu anayetembea. Sehemu ngumu ameifanya kwa mguu unaosukuma lami moja kwa moja, ambako hakuna hesabu ya meno yoyote. Wabeba mkaa nao wakikuta kilima hushuka na kusukuma, na hakuna anayewacheka isipokuwa asiyewahi kubeba mkaa.

Ufundi huo ni wa zamani kuliko cheni yenyewe. Baiskeli za gurudumu kubwa la mbele, zilizotamba Ulaya miaka ya 1870 na 1880, zilikuwa na pedeli kwenye gurudumu lenyewe. Ukubwa wa gurudumu ndio uliokuwa gia, na mwenye miguu mirefu alinunua kubwa. Alipanda kwa kuisukuma kutoka nyuma, mguu mmoja kwenye kikanyagio kidogo juu ya gurudumu la nyuma. Rover ya John Kemp Starley, iliyotoka Coventry mwaka 1885, ilileta cheni kwenye gurudumu la nyuma kwa namna iliyofanikiwa sokoni, na kuanzia hapo mtu angeweza kuchagua idadi ya meno. Hata hivyo gia za kubadili zilipokuja zilidharauliwa. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliziona ni za wazee na wadhaifu, na mashindano yake yaliyoanza mwaka 1903 hayakuruhusu vifaa vya kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mkimbiaji aliyefika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza ili atumie gia ya upande wa pili. Dharau ya namna hiyo haijaisha. Ipo hata leo vijiweni, kwa vijana wanaoona aibu kuonekana kwenye gia nyepesi.

Wapo waliobahatika. Gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kama zile za Sturmey-Archer zilizoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, hubadilika baiskeli ikiwa imesimama kabisa. Ile ya gia tatu iliyoenea zaidi ina namba moja ambayo ni robo tatu ya uzito wa namba mbili, na namba tatu iliyozidi namba mbili kwa theluthi moja. Ukikutwa na taa kwenye namba tatu unabonyeza tu, unasubiri, unaondoka. Sharti lake ni moja: usiikandamize pedeli wakati wa kubadili. Baiskeli za mtumba za aina hii huletwa pia, na watu huzipita kwa sababu hazionyeshi gia nyingi kwa nje. Kwa mtu wa mjini anayesimama kila baada ya mita 300, ningemshauri aichukue hiyo na kuiacha ya gia 21.

Kilima ni sura yake yenyewe, lakini kuondoka kilimani hakuwezi kusubiri. Hapa gia nyepesi kuliko zote ndiyo yenyewe, na mafundi wale nawarudishia haki yao. Shika breki zote mbili. Pedeli iwe juu mbele. Anza kukandamiza breki zikiwa bado zimeshikwa, uone cheni imekaza, ndipo uachie. Ukiachia kwanza, baiskeli inarudi nyuma na nguvu ya mguu inamalizika kwa kuisimamisha. Mwenye mzigo mzito kwenye keria ainamie mbele, kwa sababu gia nyepesi na mzigo wa nyuma kwa pamoja huinua gurudumu la mbele, na usukani ulio hewani haumwelekezi mtu popote. Kwenye kokoto na vumbi la barabara za vijijini, gia nyepesi mno huzungusha tairi la nyuma palepale. Huko rudisha gia moja nzito zaidi, ukae kwenye siti ili uzito ubaki juu ya tairi.

Na kuna vilima ambavyo havikubali kuondokewa. Koppenberg, kule Ubelgiji, ni njia nyembamba ya mawe ambayo pakali pake panapanda mita 22 kwa kila mita 100, nayo imo katika mbio za Flanders. Mkimbiaji mmoja tu akikwama, walio nyuma yake wanasimama, na ukishasimama pale unashuka na kutembea. Mabingwa wa dunia wameonekana wakisukuma baiskeli zao pale mbele ya kamera. Mwaka 1987, Jesper Skibby wa Denmark alikuwa akiongoza, gari la waandaaji likamgusa kwa nyuma, akaanguka, na gari likapita juu ya gurudumu la baiskeli yake. Kilima kiliondolewa kwenye mbio hizo kwa miaka mingi. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika, vilima vyake vya mawe vilitoa somo hilohilo: usipande kwa nguvu za kukisia, na usisimame. Kwa hiyo ukikwama pakali kwelikweli, shuka. Tembea hadi panapolegea, uondokee hapo.

Gharama ya kuondoka na gia nzito kila siku haionekani siku hiyo. Inaanza kwenye goti, sehemu ya mbele, chini ya kile kifupa cha mviringo, maana msukumo mkubwa wa polepole kwa goti lililokunjwa ndio unaolichosha zaidi. Inaendelea kwenye gia ndogo za nyuma, zenye meno machache yanayogawana kazi, ambazo huchongoka mapema na kuanza kurusha cheni. Kwenye baiskeli za gia moja zenye ekseli iliyofungwa kwa nati, kuna dalili ambayo fundi yeyote wa mtaani anaijua: ukikandamiza sana wakati wa kuondoka, cheni huvuta upande wa kulia wa ekseli mbele, gurudumu linakaa upande, na tairi linaanza kusugua fremu upande wa kushoto. Ukiona rangi ya fremu imekwanguliwa hapo ndani, mara nyingi nati ilikuwa imelegea na mwenye baiskeli ana haraka ya kuondoka.

Umekutwa, umesimama na gia nzito, utafanya nini? Kama huna mzigo, shika siti kwa mkono mmoja, inua gurudumu la nyuma sentimita chache, bonyeza kibadilisha gia hatua mbili au tatu, na uzungushe pedeli kwa mguu. Cheni itahamia palepale. Inachukua sekunde chache, na taa ya Dar es Salaam itakupa muda huo mara nyingi. Kama una mzigo, fanya kama muuza madafu: sukuma ardhi kwanza. Ukiwa kwenye kilima kisicho na magari, anza kwa kukata barabara kimshazari, mwinuko utapungua makali, ubadili gia ukishapata mzunguko mmoja kamili. Barabara ikiwa na magari usijaribu hiyo. Panda kando ya barabara ukasukume.

Na ukienda kununua ya mtumba, usiridhike na kuizungusha uani kwa mfanyabiashara huku anakusifia matairi. Mwombe uitoe barabarani. Iendeshe, ishushe gia hadi ile ya kati mbele na ya pili nyuma, simama, ondoka kwa nguvu, urudie mpaka uridhike. Cheni ikiruka meno unapokandamiza mara ya kwanza, gia za nyuma zimekwisha na cheni huenda imekwisha pia, na hivyo viwili hubadilishwa pamoja. Gia isipokubali kushuka unapokaribia kusimama, huenda ni waya umeshika kutu, na hilo ni jambo la bei ndogo kwa fundi. Yote mawili yatoe kwenye bei kabla hujafungua pochi.